Gegedu la Goti na Mwanamichezo Kijana

Katika viwanja vya shule ni jambo la kawaida kumwona mchezaji wa kandanda au netiboli akianguka na kushika goti, kisha akainuka baada ya dakika chache na kurejea mchezoni huku akishangiliwa. Maumivu yametulia, lakini je, goti limesalimika? Jibu la swali hilo limo katika tabia za tishu moja nyeupe iitwayo gegedu.

Muundo wa goti

Goti huunganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na mbele yake hukaa kilegesambwa. Mahali mifupa hiyo inapokutana imefunikwa kwa tabaka la gegedu linaloteleza, ambalo unene wake kwa kawaida ni milimeta 2 hadi 4. Wanafunzi wanaweza kulitazama katika goti la mbuzi lililonunuliwa buchani: ni ile sehemu nyeupe yenye kung'aa iliyofunika ncha ya mfupa.

Kati ya paja na muundi mna vipande viwili vya gegedu la aina nyingine, lenye nyuzi nyingi, vilivyopinda mfano wa mwezi mwandamo. Vipande hivyo huitwa meniski. Kazi yake ni kutandaza uzito wa mwili juu ya eneo kubwa zaidi na kupunguza nguvu ya mishindo.

Tishu isiyo na damu

Takriban asilimia 65 hadi 80 ya uzito wa gegedu la ncha za mifupa ni maji, yaliyoshikwa katika wavu wa nyuzi za kolajeni. Gegedu hilo halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Hupata chakula chake kutoka katika ute wa kiungo: mtu akikanyaga, gegedu hubanwa na kutoa maji, akiinua mguu, hufyonza ute, kama sponji inavyokamuliwa na kuachiliwa ndani ya bakuli la maji. Ndiyo maana mwendo wa kiasi hulinufaisha goti.

Hata hivyo, ukosefu wa damu una gharama yake. Ngozi ikichanika, damu huleta chembe za kuziba jeraha. Gegedu halipati msaada huo. Mwaka 1743 daktari Mskoti William Hunter aliandika kwamba gegedu likishaharibika halirudi tena katika hali yake. Aidha, kwa kuwa halina mishipa ya fahamu, gegedu laweza kuchubuka bila mwenyewe kuhisi. Maumivu hutoka katika mfupa ulio chini yake na katika utando unaozunguka kiungo. Kwa hiyo kutulia kwa maumivu si ushahidi wa kupona.

Jinsi linavyoumia

Jeraha la meniski hutokea mara nyingi wakati wayo umekita ardhini, goti limekunjwa kidogo, na mwili ukageuka kwa ghafla. Ukingo wa nje wa meniski hupata damu, hivyo mpasuko wa hapo ukishonwa waweza kuunga. Sehemu ya ndani haina damu na huunga kwa shida.

Kijana ambaye mifupa yake ingali inakua ana hatari nyingine. Mishindo inayorudiwa yaweza kuudhoofisha mfupa ulio chini ya gegedu, hata kipande kikaanza kubanduka. Mjerumani Franz König aliupa ugonjwa huu jina mwaka 1887. Ukigunduliwa mapema, kabla kipande hakijalegea, mara nyingi hupona kwa kupumzisha goti kwa miezi kadhaa. Ukipuuzwa, kipande hicho chaweza kung'oka na kuelea ndani ya kiungo.

Tiba

Zamani meniski iliyochanika iliondolewa yote. Mwaka 1948 daktari Mwingereza T. J. Fairbank alieleza mabadiliko yaliyoonekana katika picha za eksirei za magoti yaliyokosa meniski, na baadaye ilidhihirika kwamba magoti hayo huchakaa mapema. Siku hizi madaktari hujitahidi kuihifadhi. Mwaka 1994 wataalamu wa Sweden walitangaza njia ya kuchukua chembe za gegedu la mgonjwa mwenyewe, kuzikuza maabarani na kuzirudisha gotini. Njia hiyo ni ghali, na haifai kwa kila jeraha.

Wajibu uwanjani

Mchezaji aliyeumia goti atolewe uwanjani, apumzike, awekewe barafu iliyofungwa kitambaani, na mguu uinuliwe. Goti lisichuliwe wala kunyooshwa kwa nguvu. Likivimba katika saa chache za kwanza, likikwama lisikunjuke, au likilegea anapokanyaga, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Picha ya kawaida ya eksirei haionyeshi gegedu lenyewe. Hivyo picha isiyo na dosari haitoshi kuondoa shaka.

Kinga haihitaji fedha nyingi. Utafiti uliofanywa Norway na kuchapishwa mwaka 2008, juu ya wasichana wa miaka 13 hadi 17 wanaocheza kandanda, ulionyesha kwamba mazoezi ya kupasha mwili moto, yenye kuimarisha misuli na kufundisha namna ya kutua baada ya kuruka, yalipunguza majeraha kwa karibu theluthi moja. Dakika 20 kabla ya mchezo zaweza kumhifadhia kijana goti atakalolitegemea hadi uzeeni.