Kibarua kikiota nyasi Marereni, usiondoke mikono mitupu

Kijana wa Marereni, wewe unaijua chumvi kabla haijafika dukani. Maji ya bahari hupigwa pampu hadi mabwawani, jua na upepo huyakausha, kisha watu huingia kuikusanya. Mvua kubwa ikinyesha, chumvi huyeyuka na kazi husimama. Kwa hivyo huku kwetu, kutoka Gongoni hadi Kurawa, kupunguzwa kazini si hadithi ya watu wa Nairobi.

Lakini hebu sikiza malalamiko baada ya watu kuachishwa. Wanaolaumu mvua ni wachache, wengi huwalaumu wakubwa. Mbona hatukuambiwa mapema? Mbona aliyeingia juzi amebaki na mimi wa miaka sita nimetolewa? Hata waliobaki hawana raha: kazi ya watatu inafanywa na mmoja, na kila anayeitwa ofisini anaenda moyo ukimdunda. Bosi akinyamaza, uvumi ndio unaoongoza kampuni.

Malalamiko haya yana msingi wa kisheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inamruhusu mwajiri kupunguza watu, ila kwa utaratibu. Lazima akiarifu chama cha wafanyakazi na afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na ni wangapi watakaoguswa. Kama wewe si mwanachama, unaandikiwa barua wewe mwenyewe, na afisa wa leba anajulishwa vilevile. Kuchagua wa kuondoka kunafuata muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja kazini. Si sura, si ukoo.

Kisha kuna pesa. Unadai notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, siku za likizo ulizobakisha, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Tuseme ulilipwa Sh800 kwa siku na umemaliza miaka minne. Hizo ni siku 60, yaani Sh48,000, kabla ya notisi na likizo. Kwa mkubwa huenda ni kidogo, lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Utaambiwa, "Wewe ni kibarua tu." Usikubali haraka. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anaweza kuhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Na kesi ikifika mahakamani, mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba ulioandikwa, ni juu yake kukanusha unachodai kuhusu masharti ya kazi yako.

Kwa hivyo anza leo, ukiwa bado kazini. Weka daftari la siku ulizofanya kazi. Usifute ujumbe wa M-Pesa wa mshahara. Usitie sahihi karatasi ya "nimelipwa yote" kabla hujapiga hesabu. Ukiona mambo hayaeleweki, nenda kwa afisa wa leba. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko Malindi, na una miaka mitatu ya kufungua kesi.

Sauti za watu wa hapa zimewahi kusikika. Mwaka 2005, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa umma kuhusu uzalishaji wa chumvi Magarini, ikasikiza wanavijiji na wafanyakazi pia.

Nanyi wakubwa, kusema mapema kunawezekana. Kule Kwale, Base Titanium ilitangaza kabla ya wakati kwamba uchimbaji ungekoma Desemba 2024. Kazi ziliisha, na uchungu ulikuwepo, lakini tarehe ilijulikana. Mtu anayejua tarehe anaweza kulipa karo mapema, kuacha kukopa na kutafuta kwingine. Aliyeshtukizwa langoni asubuhi hana hata hilo.