Kugawa Kanzidata za Zamani: Tatizo la Kiufundi au la Kisemantiki?

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili tatizo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi wa kompyuta: namna ya kuigawa kanzidata moja kubwa, iliyokua kwa miaka mingi chini ya programu moja, ili kila sehemu ya programu hiyo ijitegemee kama huduma ndogo yenye data zake. Mtindo huu wa huduma ndogondogo ulipata umaarufu hasa baada ya James Lewis na Martin Fowler kuufafanua mwaka 2014. Tunachodai hapa ni kwamba ugumu wake mkuu si wa mitambo bali ni wa kisemantiki, na kwamba mwanaleksikografia angeutambua mara moja.

2.0 Jedwali Moja, Maana Nyingi

Kanzidata za uhusiano, zilizotokana na nadharia ya E. F. Codd ya mwaka 1970, huhifadhi taarifa katika majedwali. Jedwali la oda hutaja namba ya mteja tu; jina na anwani yake hubaki katika jedwali la wateja, na kanzidata ikiwekewa sharti hilo hukataa oda ya mteja asiyekuwapo. Huu ni ulinzi mkubwa, na wengi hawautambui mpaka wanapoupoteza.

Tatizo huanza jedwali hilo linapotumiwa na kila idara. Kwa idara ya fedha mteja ni mtu anayedaiwa. Kwa wasafirishaji ni anwani na mlango wa kubisha. Kwa wapokea malalamiko ni historia ya mazungumzo. Kila idara huongeza safu zake, hata hapatikani mtu mmoja awezaye kuzieleza zote. Eric Evans, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu usanifu wa programu, alipendekeza kila istilahi iwekewe mipaka ya muktadha ambamo ina maana moja tu.

Hapa ndipo tajiriba ya utungaji kamusi inapofaa. Mtunga kamusi akikutana na kaa wa baharini, kaa la moto na kitenzi kaa, huwatenga kuwa vidahizo vitatu bila kusita, kwani ni homonimu. Majedwali yanayoshirikiana jina kwa sadfa tu nayo hugawanyika kwa urahisi. Mteja, kinyume chake, ni neno la kipolisemia: mteja wa duka, wa wakili na wa mganga wana kiini kimoja cha maana. Vivyo hivyo anayedaiwa na anayepelekewa mzigo mara nyingi ni mtu yuleyule. (Mara nyingi, si daima: anunuaye zawadi hulipa yeye, akapelekewa mwingine.) Mhandisi hana budi kuamua ni kipi kibaki cha pamoja, pengine namba ya utambulisho pekee, na kuiachia kila huduma itunze maana yake.

3.0 Utaratibu wa Kugawa

Mfano uliohifadhiwa vizuri ni wa kampuni ya Amazon ya Marekani. Mwezi Mei 1998 wahandisi wake waliandika waraka wa ndani, ambao Werner Vogels aliuchapisha mwaka 2022. Waraka ulionyesha kwamba programu zilikuwa zikiifikia kanzidata moja kwa moja, hivyo kubadili umbo la data kuliathiri programu nyingi kwa pamoja. Ukapendekeza data zifikiwe kupitia huduma tu. Yaani kilichotangulia kilikuwa kuifunga milango, si kuipasua nyumba. Kazi ya kuhama ilichukua miaka mingi: ni Oktoba 2019 ndipo ilipotangazwa kwamba kitengo cha biashara ya rejareja kimezima kanzidata yake ya mwisho ya Oracle, baada ya kuhamisha petabaiti 75 kutoka katika kanzidata zipatazo 7,500.

Kwa maoni yetu mpangilio huo ndio sahihi. Kwanza itambuliwe huduma moja yenye haki ya kuandika katika kila jedwali; nyingine ziombe kwake. Hayo yafanyike data zikiwa bado mahali pamoja. Baadaye tu ndipo jedwali lihamishwe, nakala ya zamani na mpya zikilinganishwa kwa muda. Benki ya TSB ya Uingereza, ilipojitenga na mfumo wa Lloyds, ilihamisha wateja wake wengi kwa mara moja mwezi Aprili 2018. Data zenyewe zilifika salama, lakini mfumo mpya ulishindwa kuzihudumia, na watu wengi wakashindwa kufikia fedha zao. Desemba 2022 wasimamizi waliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

4.0 Kinachopotea

Katika kanzidata moja, kupunguza bidhaa ghalani na kumtoza mteja huweza kuwa muamala mmoja: yote hufanyika au yote hufutwa. Zikitengwa, dhamana hiyo haipo. Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walipendekeza mwaka 1987 mbinu waliyoiita saga, ambamo muamala mrefu huvunjwa hatua kwa hatua, na kila hatua huwa na kitendo cha kuifidia. Malipo yakipita na bidhaa ikakosekana, fedha hurudishwa. Lakini kufidia si kufuta. Kwa muda fulani mteja ametozwa kwa kitu kisichokuwapo, naye anaweza kuliona hilo katika simu yake. Je, muda huo unavumilika? Swali hilo waulizwe wahasibu na wapokea malalamiko kabla ya waandishi wa programu. Wakijibu kwamba hauvumiliki, majedwali hayo mawili yaachwe pamoja.