Ni mapenzi au ni mlima?

Mwanamke mmoja mtalii kutoka Ulaya alifika katika zahanati yangu mjini Kitale akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio, hapati usingizi na hana hamu ya chakula. Nilimpima damu nikakuta hana malaria wala upungufu wa damu. Nilipomwuliza zaidi, alisema kwa haya kwamba alikuwa amekwea Mlima Elgon kwa siku 4 na kijana wa kuongoza watalii, mwenyeji wa upande wa Bungoma. Tangu hapo alikuwa ameahirisha safari ya kurudi kwao mara 2, na sasa alifikiria kuacha kazi.

Je, huo ni ugonjwa? La. Lakini una sababu zake mwilini.

Ya kwanza ni mlima wenyewe. Kilele cha Koitobos kinapita mita 4,000. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na moyo hulazimika kupiga haraka ili mwili upate oksijeni ya kutosha.

Ya pili ni hofu. Ukiingia gizani katika pango la Kitum, ambamo ndovu hufuata chumvi usiku, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo hudunda na viganja hutoka jasho, sawa na mtu aliyependa. Ubongo nao hutafuta sababu iliyo karibu, na aliye karibu ni yule aliyekushika mkono usiteleze.

Mwaka 1974 wataalamu Dutton na Aron walichapisha uchunguzi uliofanywa nchini Kanada. Wanaume waliovuka daraja refu linaloning'inia walihojiwa na msichana, kisha akawapa nambari yake ya simu. Kati ya 18 walioipokea, 9 walimpigia. Katika daraja imara lisilotisha, walipiga 2 tu kati ya 16.

Tena tusisahau kwamba upole ni kazi ya mwongozaji. Baadhi yao wameniambia kuwa huona vigumu kumkataa mgeni, kwani huogopa kukosa bakshishi au kuharibiwa jina.

Mgeni afanye nini basi?

1. Ashuke mlima, apumzike na kulala vyema kabla ya kuamua jambo lolote kubwa.

2. Wakutane mahali pa kawaida, siku ambayo mwenzake hayuko kazini, na amwulize habari za maisha yake.

3. Wakifikia kujamiiana, watumie kondomu na wote wawili wapimwe virusi vya UKIMWI. Kondomu ikipasuka, waende hospitalini mara moja: dawa za kuzuia maambukizi, PEP, hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita.

4. Moyo ukiendelea kwenda mbio hata baada ya kupumzika, amwone daktari. Na akiwa mlimani akahema huku ameketi, akakohoa sana au akachanganyikiwa, hayo si mapenzi. Ateremshwe upesi.

Mgonjwa wangu alikubali kungoja wiki 1. Walikutana Bungoma mjini, wakanywa chai hotelini. Hapo ndipo alipomwuliza kijana habari za nyumbani kwake, akajibiwa kwamba ana mke na watoto 2. Hakuwa amefichwa, kule mlimani hakuuliza.