Kilo Ndani, Ratili Usoni

Venusaur, yule mnyama wa Pokémon aliyebeba ua kubwa mgongoni, ana uzito wa kilo 100 kamili. Ndivyo alivyoandikwa na Wajapani waliomtunga. Mchezaji wa Marekani akifungua orodha ya wanyama katika toleo lake la Kiingereza haoni kilo hata moja. Anasoma ratili 220.5. Mnyama ni yuleyule na nguvu zake ni zilezile, ila amewekwa kwenye mizani ya nchi nyingine.

Laiti uzito huo ungekuwa pambo tu, habari ingeishia hapo. Lakini tangu matoleo ya Ruby na Sapphire ya mwaka 2002, shambulio liitwalo Low Kick huumiza kulingana na uzito wa anayepigwa. Aliye chini ya kilo 10 hupigwa kwa nguvu ya 20. Kuanzia kilo 10 nguvu ni 40, kuanzia 25 ni 60, kuanzia 50 ni 80, kuanzia 100 ni 100, na kuanzia 200 kwenda juu ni 120. Charizard, mwenye kilo 90.5, hupata pigo la 80. Venusaur, aliyesimama juu ya mpaka wenyewe, hupata la 100.

Mjapani huzikariri ngazi hizo bila shida. Mmarekani hukutana na mipaka ya takriban ratili 22, 55, 110, 220 na 441, namba zinazoonekana kama zimeokotwa tu. Mtu mwenye nia njema angeweza kusema: tumrahisishie, mpaka wa nne tuufanye ratili 225. Hapo Venusaur angeshuka ngazi moja, na mashine mbili zilizounganishwa, moja ya Tokyo na nyingine ya Chicago, zingetoa majibu mawili kwa teke moja. Ndiyo maana hesabu zilibaki katika kilo, na ratili zikaishia kwenye skrini. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa ujanibishaji wa vipimo: ndani kipimo kiwe kimoja, usoni kibadilike kadiri ya msomaji.

Tatizo ni kwamba hata huko ndani kipimo hakijiweki chenyewe. Kompyuta haijui mita wala futi, inajua namba. Muuza mchele akitamka "nne" bila kusema kama ni vibaba au pishi, mnunuzi hajui alipe nini, na injini za michezo zimo katika hali hiyohiyo. Katika Unity, moja huchukuliwa kuwa mita moja, na mvutano wa dunia umewekwa 9.81. Katika Unreal Engine, moja ni sentimita moja, na mvutano ni 980. Msanii akichonga mtu wa urefu wa 1.8 kwa kufuata mita, kisha namba hizo zikapokewa kama sentimita, atapata mtu mfupi kuliko kidole gumba.

Kosa la namna hiyo huonekana mara moja. Lililo gumu kugundua ni lile ambamo kila kitu kimekuzwa kwa pamoja. Tuseme fundi amejenga jumba lote mara kumi ya ukubwa wake, na watu wake vilevile. Machoni hakuna kilichoharibika, kwa kuwa uwiano umetunzwa. Kisha anaangusha pipa kutoka ghorofani. Pipa la kweli likianguka mita 5 hutua baada ya sekunde moja hivi. Katika jumba lililokuzwa, kimo hicho kimekuwa mita 50, na pipa litachukua sekunde 3.2. Linashuka kwa uvivu, kama linaelea, na mchezaji anahisi kuna kitu hakiko sawa ingawa hawezi kukitaja. Muda wa kuanguka hufuata kipeuo cha pili cha kimo, kwa hiyo jicho lililozoea dunia hii hugundua udanganyifu upesi.

Kubadili kizio hakumalizi kila tatizo. Injini nyingi hutunza mahali pa kitu kwa namba ya biti 32, ambayo ina nafasi ya biti 24 tu za tarakimu zenye maana. Ukiwa kilomita 10 kutoka katikati ya ramani, hatua ndogo kabisa ambayo namba hiyo inaweza kuonyesha ni karibu milimita moja. Ukifika kilomita 1,000, hatua hiyo imekua hadi sentimita 6 na zaidi, na vitu huanza kutetemeka. Kutumia sentimita badala ya mita hakusaidii, kwa sababu namba inakua na kosa linakua nayo. Waliotengeneza Kerbal Space Program, mchezo wa kurusha roketi, waliona vyombo vikitikisika hadi kusambaratika angani, na wachezaji wakaubatiza mdudu huo Kraken, jina la dubwana la baharini. Dawa ilikuwa kugeuza mambo: chombo kinabaki katikati ya hesabu, na ulimwengu ndio unaosogezwa.

Wakati nao una vipimo vyake, na huko ndiko ujanibishaji ulikowahi kuumiza zaidi. Michezo mingi ya zamani haikuhesabu kwa sekunde bali kwa fremu, yaani kila picha mpya ya televisheni. Japani na Marekani televisheni zao zilichora picha 60 kwa sekunde. Ulaya, na pia Kenya na Tanzania, zilifuata mfumo wa PAL wenye picha 50. Mhusika aliyeagizwa kusogea kiasi fulani kila fremu alipoteza sehemu moja kati ya sita ya mwendo wake alipovuka bahari. Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991, ambaye sifa yake yote ni mbio, alifika Ulaya akiwa mzito miguuni, na muziki wake ukiburuta. Kipande cha dakika moja kilichukua sekunde 72. Leo wasanidi huzidisha mwendo kwa muda halisi uliopita tangu fremu iliyotangulia, kwa hiyo simu hafifu na kompyuta ya bei mbaya humfikisha mhusika mahali pamoja kwa sekunde zilezile.

Baada ya hayo yote bado kuna alama ndogo ya kuandikia desimali. Dar es Salaam na Nairobi huandika 1.5. Lubumbashi na Goma, ambako shule zilirithi uandishi wa Kifaransa, huandika 1,5. Wote wanazungumza Kiswahili, lakini 1.250 ya mmoja ni elfu moja na ushei kwa mwingine. Lugha ya C#, inayotumika katika Unity, husoma namba kwa desturi ya kompyuta iliyomo isipokatazwa. Faili lenye mwendo wa "1.5" likifunguliwa kwenye kompyuta iliyowekwa Kijerumani, nukta huchukuliwa kuwa ya kutenganisha maelfu, na mwendo unakuwa 15. Mchezo unaokwenda vizuri ofisini kwa aliyeutengeneza unamrusha mhusika nje ya ukuta nyumbani kwa mnunuzi. Hapa uso umepenya ndani, kinyume cha kanuni ya Venusaur.

Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kilo na kilomita, maili na ratili za michezo ya Marekani ni kero ya kawaida, na kitufe cha kubadili kinatosha kuiondoa. Pia si kazi kubwa kuruhusu kipimo kitangulie namba, "kilomita 5" na siyo "5 kilomita", mradi msanidi hakuviunganisha viwili hivyo kwa mpangilio wa Kiingereza. Saa ndiyo inayosahaulika. Sijaona mipangilio ya mchezo yenye chaguo la kuhesabu saa kuanzia mapambazuko, ingawa ndivyo mamilioni ya watu wanavyozitaja kila siku.

Na hesabu hiyo haina ugeni wowote kwa kompyuta. Siku ya Minecraft hudumu dakika 20 na imegawanywa katika mapigo 24,000, elfu moja kwa kila saa ya mchezo. Sifuri yake haiko usiku wa manane. Iko alfajiri, saa ambayo Mzungu huiita sita. Amri ya kuweka mchana huleta pigo la 1,000, yaani saa moja asubuhi. Adhuhuri ni 6,000, saa sita. Amri ya kuleta usiku huweka 13,000: toa kumi na mbili, inabaki saa moja usiku. Usiku wa manane ni 18,000, saa sita tena. Anayetaka saa ya Kizungu kutokana na mapigo hayo lazima aongeze sita. Mswahili anayasoma yalivyo.

Msanidi anayejiambia kwamba saa yetu ni ngumu kuitia kwenye mchezo basi hana hoja ya kiufundi. Ndani hakuna cha kugusa, na usoni ni kutoa sita kwenye saa ya kawaida na kuandika asubuhi, mchana, jioni au usiku mbele yake. Kazi yote ni mistari michache ya programu. Kinachohitajika zaidi ni mtu mezani wa kuuliza, kabla mchezo haujatoka, wachezaji wake wanahesabu kuanzia wapi.