Siku nne za Oktoba: mtoto anaporudi kutoka chuoni

Vyuo vingi vya Marekani huwapa wanafunzi mapumziko mafupi katikati ya Oktoba. Mara nyingi ni siku mbili zinazoungana na wikiendi, karibu na Jumatatu ya pili ya mwezi, ambayo ni sikukuu ya kitaifa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeondoka nyumbani Agosti anarudi na begi la nguo chafu na macho mekundu. Kwa familia zetu zilizohamia huko kutoka Bukavu, Kigoma au Mombasa, aghalabu ndiye wa kwanza katika ukoo kusoma chuo cha nchi hiyo, na hakuna mkubwa nyumbani anayejua muhula wake unavyokwenda. Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi, na naumia nikiona siku hizi zinavyopotea. Wazazi huzisubiri kwa hamu, kisha wanazijaza shughuli: harusi, kanisani au msikitini, kumtembeza kwa shangazi na majirani. Kwangu mimi zina kazi mbili tu. Mtoto alale, na mzungumze naye kweli kweli kabla tarehe fulani haijapita.

Usingizi kwanza. Likizo hii huja mitihani ya katikati ya muhula ikiwa imekwisha juzi au iko mlangoni. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anahitaji saa 7 hadi 9 za usingizi kwa usiku, na bwenini ni wachache wanaozipata. Tena saa ya mwili wa kijana huchelewa: usingizi humjia usiku wa manane, nao haumwachii hadi jua liwe juu. Kwa hiyo akilala mpaka saa sita mchana siku ya kwanza, asiitwe mvivu. Siku zinazofuata aamshwe mapema kidogo kidogo, maana akizoea kuamka mchana siku zote nne, kipindi cha asubuhi cha wiki inayofuata kitampita.

Kabla ya mazungumzo kuna kikwazo kimoja: barua zinazofika nyumbani. Nitazieleza kwa kirefu, kwa sababu ndizo zinazowaliza wanafunzi ofisini kwangu. Katika nyumba nyingi mtoto aliyesoma ndiye mkalimani wa familia. Yeye ameondoka, lakini barua hazikuacha kuja. Zimemngoja juu ya friji: ya bima, ya mwenye nyumba, ya shule ya wadogo zake, na ile ya hospitali ambayo hakuna anayejua kama ni bili ya kulipa au ni taarifa tu. Mama hana nia mbaya anapomkabidhi rundo zima kabla hajavua viatu. Kusudi lake ni apunguze mzigo alioubeba peke yake tangu Agosti. Lakini mtoto anasoma barua ya kwanza, ya pili, ya tano, na anachokiona ni kwamba nyumba inayumba kwa sababu yeye hayupo. Wengine huanza kufikiria kuacha chuo wakiwa pale pale mezani, na hawamwambii mtu.

Tengeni saa moja, tuseme Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mziweke barua zote mezani, na saa ikiisha zilizobaki zirudi kwenye bahasha. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo; ukipiga simu, sema unataka Kiswahili, usubiri. Hiyo si kazi ya mwanafunzi aliye na mtihani wa kemia.

Sasa mazungumzo. Ukimuuliza, "Masomo yanaendaje?" atakujibu, "Vizuri, mama," na mambo yameishia hapo. Muulize swali lenye mahali pa kushika: "Chakula cha jioni unakula na nani?" "Somo gani unalifungua mwisho kwa sababu hulitaki?" "Kuna mwalimu anayekujua kwa jina?" Maswali haya yana msingi. Mtafiti Vincent Tinto alieleza tangu 1975 kwamba mwanafunzi hubaki chuoni au huondoka kwa kadiri anavyofungamana na masomo yake na watu wa pale. Anayekula peke yake kila jioni na asiyejulikana na mwalimu hata mmoja yuko katika hatari, hata kama alama zake bado ni nzuri.

Msitegemee chuo kiwaarifu. Sheria ya 1974 inayoitwa FERPA humpa mwanafunzi wa chuo haki juu ya kumbukumbu zake za masomo, hata kama karo inalipwa na baba. Asipotoa idhini, kwa kawaida ofisi haitawaambia alama zake. Mtakachokijua mtakijua kutoka kinywani mwake, na hatasema kama sauti zimepanda.

Tarehe niliyoitaja ndiyo hii: kila chuo kina siku ya mwisho ya kujiondoa katika somo bila kupata alama ya kufeli, na katika vyuo vingi siku hiyo huangukia wiki chache baada ya likizo ya Oktoba. Anayejiondoa kabla ya hapo huandikiwa W, herufi isiyoshusha wastani wa alama. Ila W nayo ina gharama zake. Krediti hizo huhesabiwa kuwa zilijaribiwa, na mwanafunzi anayepokea msaada wa serikali hutakiwa kufaulu sehemu kubwa ya krediti alizojaribu; vyuo vingi hutumia kipimo cha asilimia 67. Akishuka chini ya krediti 12 hahesabiwi tena kuwa mwanafunzi wa muda wote. Na akiacha masomo yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya msaada huweza kurudishwa serikalini na yeye akabaki anadaiwa. Kwa hiyo mkigundua somo linamshinda, msiamue nyumbani. Akirudi chuoni, aende kwanza kwa mwalimu wa somo, kisha kwa mshauri wake wa masomo, kisha ofisi ya misaada ya fedha, wiki hiyo hiyo.

Akiwa nyumbani huenda akawa mkimya, na kitanda chake sasa anakilalia mdogo wake. John na Jeanne Gullahorn waliandika mwaka 1963 kwamba mtu aliyekaa ugenini hupata shida mara mbili, ugenini na tena akirudi kwao. Mpikieni sombe, mpeni chumba ikiwezekana, msimlinganishe na binamu yake. Akisema hataki kuishi, au mkiona dalili hizo, pigeni 988, simu ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, saa yoyote, mchana au usiku.

Wapo wasioweza kurudi kwa sababu nauli ni kubwa au wana zamu kazini. Mabweni mengi hubaki wazi, lakini kumbi za chakula huweza kupunguza saa au kufungwa. Muulizeni wiki moja kabla atakula wapi siku hizo, mtumieni pesa ya chakula, na mpange saa ya kupigiana simu ya video nyote mkiwa mezani. Likizo inayofuata ni ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, na tiketi za basi za wiki hiyo hununuliwa mapema.