Nani wa kuachiwa paka unaposafiri?

HUENDA msomaji akacheka nikisema kuwa, miongoni mwa mambo yanayomkosesha usingizi mkazi wa mashambani anapotaka kusafiri, limo suala la nani atakayeachiwa paka. Ng'ombe ana mchungaji wake, nao kuku huhesabiwa kila jioni. Lakini paka? "Atajitafutia," ndivyo aambiwavyo kila aulizaye. Kauli hiyo ilinigharimu mwaka jana.

Nilikuwa na safari ya kwenda Mombasa kumwuguza dada yangu. Nyumbani kwangu, katika vilima vya Taita, niliacha magunia ya mahindi, yakiwemo ya mbegu, pamoja na paka aliyekuwa mlinzi wa ghala kwa miaka minne. Ufunguo nilimkabidhi kijana wa ukoo wangu. Nilimwachia omena na pesa za maziwa, nikaondoka nikijikumbusha kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kila nilipopiga simu alinijibu, "Yu salama, baba mdogo."

Nilirejea baada ya majuma matatu. Kufuli lilikuwa limejaa vumbi. Omena hazikuwapo. Panya walikuwa wametoboa magunia mawili, na mbegu niliyoiweka kwa ajili ya masika ilikuwa imegeuka makapi.

Paka nilimpata ng'ambo ya ua, kwa bibi mmoja mkongwe aishiye peke yake. Alikuwa amekonda, lakini hai. Hakuna aliyemwomba bibi huyo msaada. "Nilimsikia akilia mlangoni mwako siku ya tatu, mwanangu," aliniambia. "Ningelalaje?"

Kwa nini basi sikumwomba yeye tangu mwanzo? Jibu lanitia aibu. Kijijini petu, mwanamke mzee aishiye peke yake na kupenda paka hunong'onwa kuwa ni mchawi. Mimi sikuuamini uvumi huo, ila niliuogopa, nikampita kando. Na uvumi wa aina hiyo si mzaha. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Kila anayenyamaza mwenziwe anaposingiziwa huongeza kuni katika moto huo, nami nilikuwa mmoja wao.

Naam, uaminifu haurithiwi pamoja na jina la ukoo, wala hauondolewi na maneno ya watu. Hujulikana kwa vitendo. Ndiyo sababu mlezi hatafutwi asubuhi ya safari. Mwalike mapema amlishe paka wewe ukiwapo, kisha ondoka kwa usiku mmoja tu, urudi uone ulivyoacha na ulivyokuta.

Vilevile, afadhali mlezi aje kwako kuliko kumhamisha paka, kwa maana mnyama huyu hushikamana na mahali, na aghalabu akihamishwa hujaribu kurudi. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Ugali mtupu haumtoshi. Usiwategee panya sumu, kwani paka akimla panya aliyekufa kwa sumu huweza naye kudhurika. Tena mpeleke akachanjwe dhidi ya kichaa. Ugonjwa huo hauwapati mbwa peke yao, na si haki kumkabidhi jirani mnyama anayeweza kumwangamiza.

Pia, tuache dhana kwamba kazi hii ni ya bure. Amlishaye paka, akafungua dirisha na kutazama ghala, amefanya kazi ya mlinzi, naye anastahili ujira uliopatanwa mapema. Na kwa wale wasemao paka atajitafutia, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, humhesabia makosa mwenye mnyama anayemtelekeza kwa namna ya kumtesa bila sababu.

Mwezi ujao nitarudi Mombasa kumjulia hali dada. Ufunguo utabaki kwa bibi, na tumekwisha kupatana malipo. Wapo waliokuja jioni kuninong'oneza kwamba nimepotoka. Niliwaketisha, nikawaonyesha magunia yaliyotobolewa, nikawauliza: kati ya yule bibi na kijana wangu, ni nani aliyeniloga?