Mzigo Kabla ya Mlima

Msafiri wa Rubya, wilayani Muleba mkoani Kagera, anayejiandaa kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza huwaza urefu wa mlima, nguvu za miguu na gharama za kiingilio. Begi hulifunga usiku wa mwisho, tena kwa woga: koti la pili kwa sababu amesikia kuna baridi, viatu vya akiba, blanketi la nyumbani, kahawa na senene za jamaa walioko Moshi. Sura hii inatetea mpangilio ulio kinyume. Mzigo ndio wa kufikiriwa kwanza, kwa sababu hali ya hewa haiko mikononi mwa msafiri, wala hajui mwili wake utaipokeaje hewa ya huko juu. Kilo zilizomo begini, kwa upande mwingine, ni uamuzi wake mwenyewe, na uamuzi huo unagusa usalama wake, fedha zake na mgongo wa mtu mwingine.

Tuanze na kinachofanya vitu viwe vingi. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro kiko mita 5,895. Kati ya viwili hivyo kuna mita 4,761, na kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hesabu hiyo, usiku ambao Bukoba ina nyuzi 16, kileleni kuna nyuzi 12 au 13 chini ya sifuri, kabla upepo haujaongeza makali yake. Ndani ya siku chache mtu anapita migomba na kahawa vinavyomkumbusha Muleba, kisha msitu wa mvua, vichaka, jangwa la mawe, na mwisho barafu. Nguo za mahali pamoja hazimfai kote huko. Lakini wala hahitaji nguo zote kila siku, na hapo ndipo penye ufunguo: kazi ya mpandaji ni kujua kila kitu kitahitajika lini, na wakati huo kitakuwa wapi.

Mzigo wote basi ugawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mgongoni mwa msafiri mwenyewe: maji, koti la mvua, sweta, chakula cha njiani, dawa zake, tochi ya kichwani, fedha na kitambulisho. Lita tatu za maji peke yake ni kilo tatu, kwa hiyo nafasi iliyobaki si kubwa. Fungu hili ndilo linalosahaulika, na ndilo la hatari zaidi likikosewa. Wapagazi hutembea haraka kuliko wageni. Mvua ikinyesha msituni saa saba mchana, mwenye kuacha koti lake kwenye begi kubwa ataloa hadi jioni, maana begi limeshamtangulia Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu. Fungu la pili ni la mpagazi: mfuko wa kulalia, nguo nzito za usiku wa kilele, soksi na nguo za kubadilisha, vyote vikiwa kwenye begi laini lisilopitisha maji. Begi gumu la magurudumu halina kazi mlimani, kwa kuwa mzigo hubebwa kichwani au begani. Fungu la tatu halipandi kabisa. Nguo za safari ya basi, viatu vya mjini na zawadi za jamaa zibaki nyumba ya wageni, Moshi au Marangu, ambako kuwahifadhia wapandaji mizigo ni jambo la kila siku.

Mgawanyo huu una ushahidi mkongwe kama historia ya kukipanda kilele chenyewe. Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akashindwa, mbele ya barafu ambayo hakuwa na zana za kuikabili. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, hakutegemea kupanda na kila kitu kwa mkupuo mmoja. Aliweka kambi katika vimo mbalimbali, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula kutoka Marangu, ili wapandaji wakirudishwa na barafu wasilazimike kushuka hadi chini kuanza upya. Tarehe 6 Oktoba 1889 wawili hao walifika kileleni. Sifa ziliwaendea wao, lakini miongoni mwa yaliyobadilika kati ya safari ile ya kwanza na hii ni zana na mpango wa mizigo, na mpango huo ulisimama kwa migongo ya Waafrika. Njia ya Marangu hadi leo hufuata mantiki ileile: Mandara katika mita 2,720, Horombo katika mita 3,720, kisha Kibo katika kimo cha mita 4,700 na ushei. Kutoka Kibo, wapandaji huondoka karibu na usiku wa manane wakiwa na vibegi vyao vidogo tu. Begi kubwa halifiki kileleni kamwe. Kila kitu cha ziada kilichomo ndani yake kimepandishwa mita kwa mita ili kije kulala kibandani na kuteremshwa.

Na anayekipandisha ni mtu. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: usiloubeba wewe huwezi kuuhisi uzito wake. Katika misafara ya karne ya 19, ikiwemo ile iliyofika Karagwe, mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, na wengi hawakurudi makwao. Leo kwenye Kilimanjaro kanuni ya hifadhi inaweka kikomo cha kilo 20, mbali na vitu vya mpagazi mwenyewe, na mizigo hupimwa getini. Ndani ya kilo hizo huingia pia mahema, gesi, sufuria na chakula cha kundi zima, ndiyo maana kampuni nyingi humtaka mgeni asizidishe kilo 15 katika begi lake. Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa maana ya kikomo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imepakia watu kupita kiwango chake, na mamia walikufa. Kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ni ahadi kwa maisha ya watu, iwe ni ya meli nzima, iwe ni ya mgongo mmoja wa kijana wa Machame.

Yapo mapingamizi, na yanastahili majibu. La kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni la ajira: wageni wakipunguza mizigo, si wapagazi watapungua, na vijana watakosa kazi? Ni kweli kwamba idadi ya wapagazi hufuata kilo. Lakini sehemu kubwa ya kilo hizo ni kambi na jiko, vitu ambavyo haviguswi na uamuzi wa mgeni kuacha blanketi. Tena, mpagazi hulipwa kwa siku, si kwa kilo. Begi lililojazwa kupita kiasi halimwongezei senti. Kinachoua ajira ni mzigo wa watu wawili kupachikwa kwa mmoja, na mgeni anayekubali begi lake lipimwe mbele yake anaulinda mshahara wa yule wa pili. Anayetaka kuwanufaisha wagumu, kama wapagazi hao wanavyojiita, aulize wanalipwa kiasi gani na wanakula nini, kisha awape bakshishi mikononi mwao.

Pingamizi la pili husema kwamba watu wetu wamezoea vilima na kubeba: mikungu ya ndizi kichwani, ndoo za maji, kuni. Nguvu hiyo ni ya kweli na itamsaidia mpandaji. Lakini vilima vya Muleba havifiki hata kimo cha Mandara, na kileleni oksijeni inayopatikana kwa kila pumzi ni kama nusu tu ya ile ya pwani. Huko mwili wenye afya hufanya kazi ngumu hata unapotembea bila mzigo, na anayeukimbiza ukiwa na mzigo anajiongezea hatari ya kuugua ugonjwa wa mwinuko. Mazoezi ya kubeba hayampi mtu ruhusa ya kupanda mbio.

Pingamizi la tatu ni la fedha na hofu: asiyebeba vyake atakodi kwa bei gani, na alichokiacha chini au kukituma mbele kitakuwa salama? Koti la baridi kali na mfuko wa kulalia hukodishwa Moshi na hata getini Marangu. Kwa mtu atakayevitumia juma moja tu maishani, kukodi ni nafuu kuliko kununua vipya, kisha kuvipitisha kwenye buti la basi Biharamulo hadi Moshi, au melini hadi Mwanza na basi tena. Kwa zawadi, mfumo tunao: kutuma mzigo kwa basi, kwa risiti na namba ya simu ya mpokeaji, ni desturi ambayo kila nyumba ya Kagera yenye mtoto anayesoma mbali inaijua. Andika jina pande mbili za mzigo, piga picha yake na ya risiti, na kisichoweza kufidiwa kisitumwe.

Atakayedhani huu ni ushauri wa watu wasio na magari ya kutosha aitazame Japani. Huko kampuni ya Yamato ilianzisha mwaka 1976 huduma ya kupeleka vifurushi nyumba hadi nyumba, na leo watalii hutuma masanduku yao kutoka hoteli moja hadi nyingine ili wao waende milimani na kibegi tu. Kwenye treni za kasi kati ya Tokyo na Osaka, tangu mwaka 2020 sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 hudai kiti maalumu kilichowekwa mapema. Nchi yenye reli bora kuliko nyingi duniani imefikia jibu lile lile: mtu na shehena yake wasilazimishwe kupita njia moja. Mrubya atakayesafiri siku moja kwenda kuuona Fuji, mlima wa mita 3,776, ataukuta utaratibu huo, nao hautakuwa mgeni kwake.

Kwa hiyo, juma moja kabla ya safari, tandaza kila kitu sakafuni na ukigawe mafungu matatu. Mizani ya kupimia kahawa inatosha kukupa ukweli. Fungu la mpagazi likizidi kilo 15, punguza kabla ya kuondoka Rubya, maana kule getini atakayelipa gharama ya kosa lako huenda asiwe wewe. Ukifika na begi lililopimwa, utabaki na deni moja tu kwa mlima: kutembea polepole na kumsikiliza kiongozi wako.